Mzee Guyo Anataka Mkanda Wake

Usiku ule mkanda ulikatika tena. Niliusikia kabla sijauona, ule mlio mdogo wa ngozi iliyochoka, kama mtu anayekohoa akiwa amejifunika. Tandiko likazunguka likaenda chini ya tumbo la farasi, na Mzee Guyo akaenda nalo, taratibu, kama mtu anayeinama kuokota kitu. Mguu wake wa kushoto ukabaki kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia. Farasi akaanza kukimbia. Mimi nilikuwa nyuma nimepanda farasi wangu, nimeshika hatamu kwa mkono wa kulia wenye vidole vyote vitano, na hapo nikajua ni ndoto, kwa sababu mkono ule sasa una vidole vitatu. Kujua hakukunisaidia kitu. Walishuka kwenye mawe, farasi juu, yeye chini. Kichwa chake kinapiga mawe, na kila kikipiga ananitazama. Halii. Ananitazama kama mtu anayekusubiri umalize jambo ulilolianza kusema.

Mzee Guyo amekufa, huu ni mwaka wa tisa. Nilimwona akifa mara moja kwa macho haya, na usiku ule nikamwona mara ya pili. Lakini ndoto haikuanzia kwenye mawe. Nimeyataja mwanzo kwa sababu ndiyo yanayonikaba. Wacha nirudi nyuma.

Ilianza kwenye banda la farasi, kule juu ya Timau nilikofanya kazi ya usaisi, kuwatunza farasi na kuwatandika, miaka kumi na minne. Asubuhi ya baridi, ile baridi ya mlimani ambayo unaiona ikitoka puani mwa farasi. Banda ni lilelile, harufu ni ileile, majani makavu na mkojo na mafuta ya ngozi. Lakini vyumba vya farasi vilikuwa vitupu, vyote, milango imeachwa wazi. Farasi alikuwa mmoja tu, Tarumbeta, yule wa rangi ya kahawia aliyekuwa akipuliza pua kwa kishindo mpaka wageni waliokuja kupanda wakimwogopa bure. Na pembeni yake, upande wa kushoto, amesimama Mzee Guyo na koti lake la kijeshi lililokatika mkono. Mguu mmoja ana gambuti. Mguu mwingine hana kitu.

Hakunisalimu. Alikuwa akimsalimia farasi kwanza, hata enzi zake, binadamu baadaye. Alimshika shingo, akamnong'oneza kwa Kiborana maneno ambayo kwa miaka yote ile hakukubali kuniambia maana yake. Nikimwuliza alikuwa akisema, "Ni mambo yetu. Wewe Mmeru ukijua utayapeleka sokoni pamoja na viazi."

Ni kweli nilitoka kwenye viazi. Shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kulima mashamba ya watu, na siku nilipoandikwa kazi pale kwenye farasi nilikuwa sijawahi hata kumgusa punda. Mzee Guyo alikuwa mkuu wa masaisi. Ndiye aliyenifundisha. Siku ya kwanza nilimfunga farasi mkanda wa tumbo, ule unaoshikilia tandiko, nikauvuta kwa nguvu zangu zote, nikajisifu. Akaja, akaingiza mkono kati ya mkanda na tumbo. Mkono ukaingia wote mpaka kwenye kifundo.

"Umefunga gunia la viazi," akaniambia. "Huyu si gunia. Huyu ana akili. Ukimfunga anajaza tumbo hewa, ukiondoka anaitoa, mkanda unalegea, mgeni anaanguka. Kwa hiyo mfunge, mtembeze hatua kumi, umfunge tena. Mara ya kwanza unafunga hewa. Mara ya pili unafunga farasi."

Mfunge mara mbili. Hakuna saisi aliyepita mikononi mwake ambaye hakuambiwa hivyo mpaka masikio yakachoka. Shika neno hilo, ndilo walilomzikia.

Basi pale bandani kwenye ndoto alinyoosha mkono akanipa lijamu, kile chuma cha mdomoni.

"Nipashie," akasema. "Mwili wangu haupashi tena."

Hii nayo ilikuwa desturi yake. Kwenye baridi ya kule chuma kinalala usiku kucha kinakuwa kama barafu, na ukimtia farasi mdomoni hivyo kinamshika ulimi. Saisi wengine walikuwa wanakitia tu, farasi akirusha kichwa wanampiga. Mzee Guyo alikuwa anakiweka kwapani, ndani ya koti, anatembea nacho huku akifanya kazi nyingine, anachana mkia, anasafisha kwato, mpaka kipate joto la mtu. Tulikuwa tunamcheka tukisema Mzee anatotoa mayai. Yeye mwenyewe anacheka. Halafu ukimwona Tarumbeta akifungua mdomo bila kulazimishwa, kama mtoto anayelishwa uji, unanyamaza.

Nililiweka lijamu kwapani. Baridi ikaingia mpaka mfupani, ikashuka ubavuni. Tukasimama hivyo, mimi na yeye na farasi.

"Limepata joto?"

"Bado, Mzee."

"Tutangoja."

Akatandika blanketi mgongoni mwa Tarumbeta, akalilainisha kwa kiganja, lisiwe na mkunjo hata mmoja. Akainua tandiko akaliweka mbele kidogo, akalivuta nyuma polepole ili manyoya yalale vizuri. Kisha akainama, akapitisha mkono chini ya tumbo kuupokea mkanda kutoka upande wa pili, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake. Mkono haukupata kitu. Akabaki ameinama, kiganja wazi.

"Mkanda uko wapi?"

Nikamdanganya. Hata kwenye ndoto nikamdanganya. "Uko stoo, Mzee."

"Stoo imefungwa," akasema.

Na tumesimama mbele ya stoo. Sikuona tukitembea. Kuna ule wavu wa dirishani, na ndani mikanda mipya sita imening'inia kwenye misumari, ngozi bado ya manjano, chuma bado kinang'aa. Mbele ya mlango amekaa Rukunga kwenye kiti, na funguo ziko mapajani mwake. Rukunga ndiye aliyekuwa meneja. Namtaja kwa jina lake, na kama jina hilo ni la mwingine pia, mwingine huyo anisamehe. Mimi namsema huyu wa funguo.

Haya ya stoo si ya ndoto. Yalikuwepo. Mkanda wa tandiko la Mzee Guyo ulikuwa umeoza mshono. Alikuwa ameushona mara tatu kwa mkono wake, kwa uzi wa gunia, kwa sababu uzi wa ngozi hatukupewa. Kwenye kazi yetu kifaa kizuri kinavalishwa farasi wa mgeni, na saisi anapanda na kilichobaki. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, ndivyo tulivyozoea, na Mzee ndiye alikuwa akiisimamia kuliko sisi sote. Wiki ile ya mwisho tulikwenda pamoja kwa Rukunga. Mzee alibeba ule mkanda mikononi, akamwonyesha mshono, akamwambia, "Bwana meneja, hapa mimi nimemaliza. Uzi umeshika uzi, ngozi hakuna. Nipe mmoja wa ile sita."

Rukunga hakuinuka. Akasema ile sita ni ya siku ya mashindano, Bwana Tomu hataki iguswe ipate jasho. Bwana Tomu ndiye mwenye shamba. Mzee akaomba aonane naye. Rukunga akacheka, akasema, "Mzee, wewe ni Mborana. Baba zako walipanda bila tandiko. Leo unalilia mkanda?"

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilicheka. Mtu mkubwa akicheka, mdogo naye anacheka, ndivyo nilivyokuwa. Mzee Guyo alinitazama mara moja tu, akaukunja mkanda wake, tukaondoka.

Siku tatu baadaye tulipeleka wageni bondeni kuona pundamilia. Yeye mbele kwenye Tarumbeta, wageni katikati, mimi nyuma. Nilimwona asubuhi ile akimtandika. Alifunga. Akamtembeza hatua kumi. Akafunga tena. Nilimwona kwa macho yangu na wala sikuwa nimelala.

Kwenye ndoto Rukunga aliinuka pale kwenye kiti, na tuko hospitali. Mimi niko kitandani, mkono umefungwa bandeji kubwa kama kichwa cha mtoto. Siku ya ajali nilikuwa nimeruka kutoka kwa farasi wangu nikaishika hatamu ya Tarumbeta nimsimamishe, ikanizunguka vidole, ikaondoka navyo viwili. Tarumbeta alisimama. Lakini alisimama amechelewa. Nilitambaa mpaka alipokuwa Mzee, nikaona hakuna la kufanya, na pale kwenye majani ulikuwa mkanda, umekatika kwenye mshono, nyuzi za gunia zimesimama kama manyoya. Sijui kwa nini niliuchukua. Niliusukuma ndani ya shati. Walipokuja kunibeba nilikuwa nao kifuani.

Mzee Guyo anapita katikati ya vitanda akimwongoza Tarumbeta. Kwato zinalia kwenye sakafu, na hakuna muuguzi anayegeuka. Rukunga ameinama juu yangu na karatasi. Imeandikwa Kiingereza, mistari mingi.

"Inasema nini?" namwuliza, kama nilivyomwuliza siku ile.

"Inasema alianguka," anasema. "Kwani hakuanguka?"

Anaushika mkono wangu wa kushoto, ule mzima, anachovya kidole gumba kwenye wino, anakibonyeza. Mzee Guyo amesimama miguuni pa kitanda. Anatazama kidole changu.

Kisha vitanda vinakuwa majani, na tumekaa uwanjani mbele ya ofisi, wafanyakazi wote, na mjane wa Mzee kajifunika leso usoni, na binti yake Kabale kamshika mabega. Rukunga anasoma ile karatasi kwa Kiswahili. Anasoma kwamba marehemu hakukaza mkanda mara ya pili kama kanuni inavyotaka. Kwamba ulilegea, tandiko likazunguka. Kwamba ni uzembe wa marehemu mwenyewe. Kwamba hayo yamethibitishwa na aliyeshuhudia, saisi Kirimi, kwa alama ya kidole chake.

Kirimi ni mimi.

Watu waligeuka wakanitazama. Kwenye ndoto Mzee Guyo amekaa katikati yao, juu ya majani, na amenyoosha mkono anaomba kusema. Hakuna anayempa nafasi. Mkono wake uko juu, juu. Mimi peke yangu ndiye ninayemwona. Ningesema neno moja tu. Ningesema, ulikatika, mimi ninao nyumbani, njooni muutazame. Lakini nilikuwa nimeshaambiwa na Rukunga asubuhi ile kwamba mtu wa vidole vitatu shamba halimhitaji, ila yeye atanitafutia kazi ya mlangoni, nikitulia. Nikatulia. Nikakaa mlangoni miaka mitano nikifungua na kufunga, mpaka nayo wakaniondoa.

Baada ya mkutano ule Kabale alinifuata nyuma ya choo cha wafanyakazi. Alikuwa msichana wa shule bado.

"Baba mdogo," akaniita, kwa sababu Mzee alikuwa amesema wanangu na wake ni wamoja. "Baba alisahau kweli?"

Nikamjibu, "Ndivyo walivyoandika."

Hilo ndilo jibu nililompa mtoto wa mtu aliyenifundisha kazi. Siku tatu baada ya mkutano farasi wote wa masaisi walikuwa wamefungwa mikanda mipya ya manjano. Na mpaka leo, saisi mpya akiingia pale, anaambiwa, funga mara mbili, usije ukawa kama Guyo. Nimeisikia kwa masikio yangu nikiwa mlangoni. Neno la Mzee mwenyewe, wamelichukua wakalifanya fimbo ya kumpigia. Kabale alipokua akaomba kazi ya farasi, maana mkono wa baba yake anao, Rukunga akamwambia, "Ukoo wenu hamkazi."

Sasa tuko juu ya mteremko, Mzee na mimi, na bonde liko chini limejaa ukungu. Anamwongoza Tarumbeta. Tandiko amelibeba kichwani kama mwanamke aliyebeba kuni. Ule mguu usio na gambuti unatoka damu nyeusi.

"Nimetembea kwa miguu tangu siku ile," anasema. "Wenzangu wamenipita wote."

"Mzee, panda bila tandiko. Baba zako walipanda hivyo."

Hilo neno la Rukunga limetoka mdomoni mwangu. Nilitamani kulirudisha. Alinigeukia bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Sikusahau kufunga mara ya pili," akasema.

"Najua, Mzee."

"Wewe unajua. Nani mwingine?"

Nikaingiza mkono ndani ya shati, na mkanda uko pale kifuani, una joto langu. Nikamtolea. Hakuupokea. Akaweka tandiko mgongoni mwa farasi, akasogea pembeni, akaniachia nafasi.

"Mtandikie," akasema. "Wewe."

Nikachukua lile lijamu kutoka kwapani. Lilikuwa limepata joto. Nikaweka mkono juu ya pua ya Tarumbeta, naye akafungua mdomo, polepole, kwa hiari yake. Nikapitisha kamba za hatamu juu ya masikio, moja, kisha jingine, bila kuyakunja. Nikainama nikapitisha mkanda chini ya tumbo. Ulikuwa vipande viwili. Nikavifunga fundo pale pale kwenye mshono. Niliona kabisa kwamba ni fundo, kwamba halitashika. Nikamtembeza hatua kumi. Nikakaza tena. Mzee Guyo alikuwa akinitazama mikono, na alikuwa anangoja, na mimi nilinyamaza vilevile nilivyonyamaza uwanjani.

Akapanda. Akakaa wima, kama alivyokuwa. Akaelekea mteremkoni. Na mimi ghafla niko juu ya farasi wangu, vidole vyote vitano vimerudi, na nikasikia ule mlio wa ngozi.

Mengine nimekwisha kuyasema. Mawe, kichwa, macho. Lakini kuna kitu sikukisema. Farasi aliposimama nikamfikia, nikapiga magoti, na uso wake ulikuwa mzima, hauna hata mchubuko. Akanishika kola.

"Kirimi. Waonyeshe uzi."

Nikaamka. Mkono wangu wa kulia, huu wa vidole vitatu, ulikuwa umebanwa kwapani kwa nguvu mpaka umekufa ganzi. Nje kulikuwa kunapambazuka. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani ananitazama.

"Umemwita Mzee Guyo," akasema. "Umemwita kama mtu anayemwomba maji."

Nikamwambia alete stuli. Akaishika, nikapanda, nikaingiza mkono kati ya mabati na boriti, pale nilipouweka miaka tisa, umefungwa kwenye karatasi ya saruji. Mke wangu hakujua upo. Aliufungua mapajani mwake, akaupitishia mkono mpaka mahali ulipokatika, na akazihesabu safu za uzi wa gunia kwa kidole, moja, mbili, tatu. Kifungo cha chuma bado kiko kwenye tundu la mwisho kabisa, lile la kukaza mara ya pili. Ngozi imekatika, lakini kifungo kiko palepale Mzee alipokifunga asubuhi ile.

"Na wewe ulikuwa nao," akaniambia. Alikwenda kuwasha moto.

Nimeuweka mezani ninapoandika haya. Nikimaliza naupeleka kwa Kabale na mama yake, nitauweka mikononi mwao, na watakalonifanya nitalipokea. Kidole kwenye ile karatasi ni changu. Kunyamaza ni kwangu. Hilo najibu mimi, wala simtafuti wa kunisaidia kulibeba.

Lakini siwezi kuwajibia wengine. Bwana Tomu, ulimzika mtu chini ya uzembe wake na farasi wako wakavaa mikanda mipya wiki hiyohiyo, uliwaona, ulipita ukiwapapasa. Sema uliona nini. Na wewe Rukunga, huna haja ya kunisomea karatasi, nataka mdomo wako. Njoo kwa Kabale, usimame mbele ya mkanda huu, uguse uzi, useme baba yake alilegeza wapi. Na kama huwezi, basi tuambie hili tu, sisi na yeye anayetembea kwa miguu: ile sita stooni, ulikuwa umemfungia nani?